Kusajiliwa na kutafutwa: tovuti ndogo kati ya saraka na injini ya utafutaji

"Tovuti yetu umeshaisajili Google?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wateja wangu wa Moshi na Arusha, ambao wengi wao wana kampuni ndogo za kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Si swali la kijinga hata kidogo. Mtu aliyehangaikia usajili wa kampuni BRELA, namba ya mlipakodi TRA na leseni ya utalii anajua kwamba huwi chochote mpaka jina lako liandikwe mahali, na ni haki yake kudhani kwamba intaneti nayo ina daftari lake, ambalo ukishaingizwa humo unaonekana. Daftari la namna hiyo liliwahi kuwapo kweli, likawa na nguvu kubwa kwa miaka kadhaa, na mabaki yake bado yapo. Google si daftari hilo. Kwa kuwa kila msimu naona watu wakilipishwa huduma isiyo na faida kwa sababu ya kuchanganya vitu hivi viwili, nimeona niueleze mkanganyiko huu kwa urefu.

Nianze na saraka, yaani orodha za tovuti zilizopangwa na watu kwa mada, maana ndizo zilizokuwa mlango wa intaneti kwa watu wengi wa kizazi cha kwanza. Ya kwanza, WWW Virtual Library, ilianzishwa na Tim Berners-Lee mwenyewe, mvumbuzi wa Wavuti, mwaka 1991 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, na baadaye wataalamu wa kujitolea wakagawana mada, kila mmoja akitunza orodha ya fani yake. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, wakaanza kukusanya tovuti walizoziona zinafaa chini ya jina la Jerry and David's Guide to the World Wide Web, na kabla ya mwaka kwisha jina hilo refu likawa limebadilishwa kuwa Yahoo. Katika saraka ya aina hiyo mtu hakuanza kwa kuandika maneno. Alishuka ngazi: kutoka kwenye mabara na nchi, akaingia Tanzania, akapita kwenye biashara na usafiri, hadi akafika kwenye orodha ya waandaaji wa safari, ambako kila tovuti ilikuwa na jina lake na maelezo ya mstari mmoja au miwili yaliyoandikwa au kupitishwa na mhariri.

Mpangilio wa orodha hiyo ya mwisho ulikuwa wa alfabeti. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilikuwa na athari zake, kwa sababu kampuni iliyoanza na herufi Z ilikaa chini hata kama ilikuwa bora kuliko zote, na ndiyo maana wafanyabiashara wa enzi hizo walibuni majina yaliyoanza na AAA au A1, kama walivyokuwa wakifanya katika kurasa za manjano za kitabu cha simu. Nafasi yako haikutegemea mgeni anataka nini. Ilitegemea mhariri alikuweka kundi gani na baba wa kampuni aliipa jina gani.

Mhariri huyo hakupatikana kirahisi. Mwaka 1999 Yahoo ilianza kutoza dola 199 kwa tovuti ya biashara iliyotaka ombi lake lishughulikiwe haraka, na kuanzia mwishoni mwa 2001 ada ikawa dola 299 kwa kila mwaka. Msomaji azingatie kwamba fedha hiyo ililipia kutazamwa, haikulipia kukubaliwa, na ombi likikataliwa hukurudishiwa kitu. Kwa kampuni ya Moshi yenye wageni wachache kwa mwezi, hiyo ilikuwa bahati nasibu.

Saraka nyingine, ambayo mimi binafsi naiheshimu zaidi, ilikuwa ya bure. Rich Skrenta na Bob Truel waliianzisha mwaka 1998 kwa jina la GnuHoo, ikaitwa NewHoo, ikanunuliwa na Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka huohuo, na hatimaye ikajulikana kama Open Directory Project au, kwa kifupi cha anwani yake, DMOZ. Iliendeshwa na wahariri wa kujitolea, ambao kwa miaka yote ya uhai wake walizidi 90,000, nayo ilifungwa ikiwa na tovuti zipatazo milioni 3.8 katika vikundi zaidi ya milioni moja. Lugha nyingi zilipewa matawi yao, Kiswahili kikiwamo. Kanuni zake zilikuwa kali kwa namna ya kupendeza: kichwa ni jina halisi la tovuti, maelezo hayana sifa za kujipamba, hakuna herufi kubwa za kupiga kelele. Ingizo la "kampuni bora kuliko zote Afrika Mashariki" lilikatwa likabaki "huandaa safari za kupanda Kilimanjaro kwa njia za Marangu na Machame". Natamani baadhi ya wateja wangu wangepata mhariri wa namna hiyo.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza kubwa inapoonekana. Saraka huorodhesha tovuti nzima kama kitu kimoja, tena kwa kawaida kupitia ukurasa wake wa mwanzo tu. Hata ilipoweka kisanduku cha kutafutia, kisanduku hicho kilipekua majina na maelezo mafupi yaliyomo ndani ya saraka, si maandishi ya kurasa zenyewe. Kama ndani ya tovuti yako umeandika ukurasa mzuri sana unaoeleza kwa nini njia ya Rongai, inayopandia upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, huwa kavu kuliko Machame wakati wa mvua za masika, saraka haikujua. Iliona kampuni ya safari iliyopo Moshi, basi.

Injini ya utafutaji huanzia upande mwingine kabisa. Haisubiri kuombwa, na haimtumi mhariri. Hutuma roboti, yaani programu inayofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kuchukua nakala ya kila inachokikuta. JumpStation ya Chuo Kikuu cha Stirling, Uskochi, ilikuwa ikifanya hivyo mwishoni mwa 1993. WebCrawler ya mwaka 1994 ikawezesha kutafuta neno lolote lililomo ndani ya kurasa. AltaVista ikafuata mwishoni mwa 1995 na kasi ambayo watu hawakuwa wameizoea. Sergey Brin na Larry Page, katika makala yao ya mwaka 1998 iliyoieleza Google ikiwa na kurasa milioni 24 tu, walilisema wazi tatizo la upande wa pili: orodha zinazotunzwa na binadamu hufaa kwa mada zinazopendwa na wengi, lakini hufuata maoni ya mtunzaji, ni ghali, huchelewa kuboreshwa, na haziwezi kufika kwenye mada za pembeni. Sisi wa huku, kwa macho ya mhariri aliyekaa California, karibu wote tulikuwa mada za pembeni.

Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho, fungua kumbukumbu za seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Utakuta mgeni anayejitambulisha kama Googlebot, roboti ya Google, akiomba kwanza faili la robots.txt, ambamo mwenye tovuti anaeleza sehemu gani zisiguswe, kisha akiomba ukurasa wa mwanzo, kisha ukurasa wa bei, kisha picha, kila ombi na saa yake. Baada ya hapo ukurasa huchambuliwa na kuingizwa katika faharasa, yaani orodha kubwa ya maneno na kurasa yalimo, na ni faharasa hiyo, si tovuti yako, inayopekuliwa mtu anapoandika maneno yake. Hatua hizi ni tofauti, na kila moja inaweza kukwama peke yake. Roboti inaweza kuja na ukurasa usiingizwe. Ukurasa unaweza kuingizwa na usionekane popote penye manufaa.

Niliwahi kuletewa tovuti ya kampuni moja iliyolalamika kwamba ina mwaka mzima hewani na Google haiijui hata kwa jina. Waliomtangulia fundi wa sasa walikuwa wamewauzia "usajili wa Google" na kuwapa risiti. Tovuti ilijengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na katika mipangilio yake kuna kisanduku kimoja kinachoziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane, kisha wanatakiwa wakiondoe siku ya kuzindua. Hakikuondolewa. Kila ukurasa ulikuwa umebeba agizo la noindex, na roboti ilikuwa ikija, ikisoma agizo, ikitii na kuondoka zake. Risiti ya usajili haikuweza kusaidia chochote, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusajili. Kilichokuwapo ni mlango uliofungwa kwa ndani.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la kila siku ni kwamba Google hatusajili, tunaifungulia njia na kuielekeza. Tunaweza kuipa ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zetu zote, utaratibu ulioanzishwa na Google mwaka 2005 na mwaka uliofuata ukakubaliwa pia na Yahoo na Microsoft. Tunaweza kuthibitisha umiliki katika Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na kuona ni kurasa zipi zimeingizwa na kwa maneno gani watu wamezifikia. Yote hayo ni bure, na hakuna hata moja linalokupa nafasi ya juu.

Tofauti ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni ya wakati. Katika saraka uamuzi hufanyika mara moja: mhariri anakuweka katika kundi, na hapo unakaa, leo na kesho, kwa kila anayepita. Injini ya utafutaji huamua upya kila mara mtu anapouliza. Inafanana na dalali ambaye hakupangi popote mpaka mteja afike na kusema shida yake. Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kusema kwa ukweli kwamba tovuti fulani "ni ya kwanza Google" bila kutaja ni kwa maneno gani, mahali gani na lugha gani, na kitengo kinachopimwa si tovuti bali ukurasa mmoja dhidi ya swali moja.

Chukua mfano ninaoupenda. Kila mwaka kuelekea tarehe 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru, Watanzania wengi hujipanga kupanda Kilimanjaro kwa makundi, na ada za hifadhi kwa raia ni ndogo sana kuliko za wageni wa nje, tena hulipwa kwa shilingi. Mtu wa Dodoma au Mwanza anayefikiria safari hiyo hatafuti "kampuni za safari Tanzania". Anaandika kitu kama "bei ya kupanda mlima Kilimanjaro kwa Mtanzania". Hakuna saraka yoyote, iliyokufa au iliyo hai, ambayo ingekuwa na kikundi cha swali hilo. Lakini ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kwa utaratibu ada za raia, siku tano au sita za Marangu, vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, nguo gani zinakodishwa Moshi na nani anabeba nini, unamfikia mtu huyo moja kwa moja, hata kama ukurasa wa mwanzo wa kampuni umezikwa chini kabisa kwa maneno ya Kiingereza yanayogombewa na kampuni kubwa za Ulaya na Marekani. Nimeshuhudia wateja wakipinga kwa nguvu kuandika ukurasa kama huo kwa hoja kwamba "Watanzania hawalipi", na sina la kuwaambia zaidi ya kuwaonyesha katika Search Console maswali ya Kiswahili ambayo tovuti yao inayakosa.

Sasa, kama saraka zilikuwa na udhaifu wote huo, kwa nini mpaka leo kuna mtu anauza furushi la "kuwasilisha tovuti kwenye saraka 500"? Jibu limo ndani ya Google yenyewe. Mbinu yake ya kupima uzito wa kurasa, PageRank, ilihesabu kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kama kura, na kura ya tovuti yenye heshima ilizidi kura nyingine kwa uzito. Saraka kubwa zilikuwa na heshima hiyo. Tena data za DMOZ zilitolewa bure kwa yeyote, na mwaka 2000 Google ikazitumia kuunda saraka yake yenyewe, ikizipanga tovuti kwa PageRank badala ya alfabeti, huku wengine wengi nao wakinakili, hivi kwamba ingizo moja lilizaa viungo chungu nzima. Kwa hiyo watu waliacha kuingia kwenye saraka ili waonekane na wasomaji wa saraka. Waliingia ili waonekane na roboti. Hata mwongozo wa Google kwa wenye tovuti uliwashauri kwa miaka kadhaa wapeleke tovuti zao kwenye saraka kama Yahoo na Open Directory, ushauri ambao uliondolewa mwaka 2008.

Mchezo wowote unaolipa huharibika haraka. Zikazuka saraka za bandia ambazo hazikuwa na msomaji hata mmoja, zikikusanya ada na kutoa viungo, na mwezi Aprili 2012 Google ikatoa badiliko lililopewa jina la Penguin, ambalo liliziadhibu tovuti zilizokuwa zimejijengea viungo vya hila. Saraka zenyewe zilikuwa zikizimika moja baada ya nyingine: ya Google ilifungwa 2011, ya Yahoo mwishoni mwa 2014, DMOZ mwezi Machi 2017, ingawa baadhi ya wahariri wake waliendeleza kazi chini ya jina la Curlie. Mteja mmoja aliniletea ripoti ya furushi alilonunua baada ya miaka yote hiyo kupita. Nilizifungua anwani kadhaa kwa udadisi. Nyingi hazikufunguka kabisa, nyingine zilikuwa kurasa za matangazo ya kamari, na mojawapo ilikuwa imeiweka kampuni yake ya kupandisha mlima katika kundi la afya na urembo. Hakuna binadamu aliyehusika na uamuzi huo, na ubinadamu ndio kitu pekee ambacho saraka ilikuwa nacho cha kuuza.

Nisionekane nazika kila orodha. Zipo saraka zilizo hai, na zinaishi kwa sababu kuingia kwake kuna masharti yanayomhusu msomaji. Mfano ulio karibu kabisa nasi ni orodha ya kampuni washirika ya Kilimanjaro Porters Assistance Project, KPAP, shirika lenye makao Moshi lililoanza kazi mwaka 2003. Kampuni hailipii nafasi katika orodha hiyo. Inafuatiliwa jinsi inavyowatendea wapagazi: malipo yao, uzito wa mzigo usiozidi kilo 20, chakula chao, mahali wanapolala, na wanaoulizwa ni wapagazi wenyewe. Mgeni wa Uholanzi au Canada anayejali jambo hilo hawezi kulithibitisha kwa injini ya utafutaji, kwa sababu kila tovuti ya kampuni, iwe kweli au si kweli, imeandika kwamba inawajali wapagazi wake, na injini inasoma kilichoandikwa. Orodha ya KPAP inamjibu. Hali kadhalika orodha ya wanachama wa TATO, chama cha waandaaji wa safari Tanzania, humsaidia mgeni anayeogopa kutuma amana kwa kampuni ya mfukoni. Idadi ya watu wanaofika kwa njia hizo kwa kawaida ni ndogo kuliko wanaotoka Google, lakini wanafika wakiwa wamekwisha kuamini nusu ya habari.

Kuna pia mseto ambao watu wengi hawautambui kuwa ni saraka, nao ni wasifu wa biashara wa Google, zile kampuni zinazojitokeza na ramani, simu, picha na nyota za wateja. Huo kweli unasajiliwa. Unajaza jina, kundi la biashara, anwani, saa za kazi, kisha unathibitisha kwamba upo, na Google huzipanga biashara hizo kwa kuangalia uhusiano na swali, umbali na umaarufu. Zamani uthibitisho wa kadi ya posta uliwatesa watu wa huku, kwa kuwa barua zetu huja kwenye S.L.P. na si mlangoni. Siku hizi mara nyingi hutakiwa kupiga video ya ofisi na bango lake, na kibao cha anwani ya makazi kilichowekwa katika operesheni ya mwaka 2022 ni miongoni mwa vitu ninavyowaambia wateja wakionyeshe. Nikiwa na saa moja tu ya kumfanyia kazi mwenye ofisi mjini Moshi, saa hiyo ningeitumia hapa kabla ya kugusa kitu kingine.

Tatizo la orodha zote, nzuri na mbaya, ni kwamba huzeeka kimya. Tovuti yako ikibadilika, roboti itarudi na kusoma upya bila kuombwa. Ingizo la saraka hubaki lilivyoandikwa. Wakati wa DMOZ jambo hili liliudhi watu kiasi kwamba mwaka 2006 Microsoft na Google zilikubali agizo maalumu la NOODP, ili mwenye tovuti aweze kuzizuia zisionyeshe maelezo ya mhariri wa zamani katika matokeo ya utafutaji. Leo maudhi hayo yamehamia kwenye namba za simu. Kampuni ilikuwa na laini moja, ikahama mtandao, ikahama ofisi, na zile orodha ilizojaza miaka ya nyuma bado zinatangaza namba ya kwanza, ambayo pengine sasa iko mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Mgeni hupiga, haeleweki, anahamia kampuni inayofuata. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kwa mteja mpya imekuwa kumwomba kila namba na kila anwani aliyowahi kutumia, kuziandika moja moja kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, na kuanza kuwaandikia wenye orodha zinazojitokeza wazirekebishe au wazifute. Wengine hawajibu, na kwa hao mteja hushauriwa aihuishe laini ya zamani, kama bado inapatikana, na aielekeze kwenye simu ya sasa.